Vidonge vyangu, deni la wifi

Prednisoloni nimeitoa dirishani miaka mingi kabla ya kuandikiwa mimi mwenyewe. Nina duka la dawa hapa Tanga, na vile vidonge vya miligramu 5 ni katika vitu ambavyo mkono huvifuata rafuni bila macho kutazama. Mgonjwa wa pumu, mwenye mzio, mwenye viungo vilivyovimba, wote humo. Nilijua vinaongeza njaa, vinapandisha sukari na kujaza mashavu. Habari ya ubongo ilikuwa mstari mmoja tu kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, kwamba dawa huweza kuathiri usingizi na hisia, na mstari huo haumwambii mtu kitu.

Yaliyonikuta yalianzia kwenye figo. Asubuhi naamka kope zimevimba, jioni miguu haiingii kwenye viatu. Mkojo ukawa na povu la kushangaza. Nikachovya kijiti cha kupimia, palepale dukani, na kile kiboksi cha protini kikageuka kijani kibichi kabla sijamaliza kuhesabu sekunde. Hospitali wakanitoa kipande kidogo cha figo kwa sindano, jibu likarudi kwamba machujio ya figo yanavujisha protini, na kwamba ugonjwa wenyewe ni wa aina ambayo kwa kawaida husikia steroidi, lile kundi la dawa ambamo prednisoloni imo. Nikaandikiwa miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge kumi na viwili kila asubuhi baada ya chai.

Tusimame kidogo hapo kwenye 60, maana ndiyo kisa chenyewe. Prednisoloni ni kortisoli ya kiwandani, iliyobadilishwa kidogo ili iwe na nguvu zaidi. Miligramu 5 zake hufanya kazi ya kama miligramu 20 za kortisoli ya mwili. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza yapata miligramu 10 za kortisoli kwa siku nzima. Piga hesabu mwenyewe: kila kukicha nilikuwa nameza zaidi ya mara 20 ya kile ambacho tezi zangu zingetoa. Na kortisoli ndiyo homoni ambayo tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo hizohizo zilizokuwa zinanisumbua, huimwaga mtu anapokuwa na hofu, deni, msiba au kesi mahakamani. Nilimezeshwa mawazo ya ukoo mzima, na mimi mwenyewe, ukiondoa hilo la figo, sikuwa na wazo.

Siku za mwanzo sikuona kitu. Halafu usingizi ukaniaga. Sikuwa yule anayejigeuzageuza kitandani akiungoja, mwili haukuuhitaji. Saa tisa usiku nipo jikoni, nimeyashusha makopo yote ya viungo, nimeyapanga kwa ukubwa, nikayapangua nikayapanga kwa herufi, bizari mbele, uzile nyuma. Nikafua kanga za kabati zima, hata zile ambazo bado zina gundi ya dukani. Nikachukua daftari la mauzo nikaandika mpango wa kufungua matawi Muheza, Korogwe na Pangani, na gharama za kila tawi, mpaka bei ya feni.

Mume wangu akatokea mlangoni. "Mama watoto, hii saa tisa."

"Najua. Njoo uone hesabu ya Korogwe."

Nilikuwa na furaha, na hii ndiyo sehemu inayowatatiza watu nikiwasimulia, kwa sababu wanangoja niseme niliteseka. Wiki za kwanza sikuteseka hata kidogo. Mateso yalikuja nyuma, taratibu: mtoto akiangusha kijiko nafoka, mteja akirudisha chenji iliyochakaa machozi yananilenga, moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Wanaofuatilia dawa hizi wanalijua jambo hili kitambo. Mwaka 1972 ilichapishwa ripoti ya mpango wa Boston, Marekani, uliofuatilia wagonjwa waliolazwa wakinywa prednisoni, pacha wa dawa yangu. Waliotumia miligramu 40 kwa siku kushuka chini, asilimia 1.3 walipata matatizo ya akili. Kati ya 41 na 80, asilimia 4.6, waliozidi 80, asilimia 18.4. Hao ni waliochanganyikiwa kiasi cha kuandikwa kwenye faili. Sisi wa makopo ya viungo hatukuhesabiwa.

Shangazi alikuja kutoka Pangani na chupa ya kombe. "Mwanangu, wewe una mawazo. Fungua moyo, usiyaweke." Kombe nililinywa, kwa heshima yake na kwa imani yangu pia. Ila maneno yake yaliniganda. Mawazo gani? Povu lilikuwa limekwisha kwenye mkojo, miguu imeshuka, duka linakwenda, watoto wanasoma. Nililitafuta wazo la kulibebesha lawama sikulipata. Mwili wangu ulikuwa na kila dalili ya mtu mwenye mawazo, lakini mawazo yenyewe hayakuwepo.

Kisha yakaanza maneno kupotea. Niliporudi dukani nilikaa pembeni tu, mwenzangu ndiye anayetoa dawa, mimi naangalia stoo na vitabu. Siku moja akaniuliza ile ya vidonge vya rangi mbili imebaki boksi ngapi. Nikafungua mdomo kutaja jina. Hakuna. Amoksilini, dawa ambayo pengine nimeitamka kuliko jina la mume wangu, haipo. Nilisimama nikaenda moja kwa moja hadi rafu yake, nikaweka mkono juu ya boksi lenyewe, na jina bado haliji. Mkono unajua, mdomo haujui. Mwenzangu alicheka akidhani namfanyia mzaha. Tangu hapo nikasema dawa za watoto, zile za kupiga hesabu kwa uzito, sizigusi mpaka dozi ishuke.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii. Muda wa kusoma nilikuwa nao, usiku kucha.

Seli mbili za ubongo zinapopeana habari hazigusani. Kati yao pana mwanya mwembamba mno uitwao sinapsi. Umeme unafika mwisho wa seli ya kwanza, vifuko vidogo vinafunguka na kumwaga kemikali, mara nyingi glutameti, nayo inavuka na kushika vipokezi vya seli ya pili. Seli ya pili inaamka. Sinapsi zinazotumika pamoja mara kwa mara huimarika, zilizoachwa hulegea, na katika uimara huo ndimo yanamokaa majina ya watu, njia ya kwenda kwa mama mkwe na bei ya nyanya ya jana.

Kortisoli si miongoni mwa wanaovuka mwanya huo. Inatoka mbali, inakuja na damu, na kwa kuwa inayeyuka katika mafuta inapenya ukuta wa seli bila kupiga hodi. Ndani inakutana na kipokezi chake, wanaingia pamoja hadi kwenye kiini, na huko wanaziamsha jeni hizi na kuzinyamazisha zile. Kazi hiyo huchukua saa nzima au zaidi na matokeo yake hukawia kuondoka. Iko pia kazi ya haraka, ya dakika chache: mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba homoni ya dhiki ya panya, ndugu wa kortisoli, huzifanya seli za hipokampasi yao zimwage glutameti mara nyingi zaidi, kabla jeni yoyote haijapata nafasi ya kuguswa.

Hipokampasi ndiyo sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya za mambo na maneno, na ndiyo inayosaidia kuyatoa. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwadunga panya hiyo homoni yao ikiwa imetiwa alama ya mionzi, kisha wakatazama inakwenda kukaa wapi. Ilijikusanya hipokampasi. Homoni ya dhiki, kumbe makazi yake ni kwenye ghala la kumbukumbu.

Na vipokezi vyake ni vya aina mbili. Aina ya kwanza huikamata kortisoli kwa nguvu karibu mara 10 kuliko ya pili, kwa hiyo siku ya kawaida tu huwa imekwisha jaa. Ya pili hushikwa kiwango kinapopanda. Ni kama daladala: viti vikijaa safari inakwenda vizuri, lakini konda akiendelea kupakia mpaka mlangoni, hakuna anayeshuka kituo chake kwa wakati. Kortisoli ya wastani husaidia sinapsi kuimarika, ndiyo maana mtu hukumbuka vizuri kitu kilichomshtua kidogo. Ikizidi, zoezi lilelile la kuimarisha sinapsi hukwama. Prednisoloni huelemea zaidi hiyo aina ya pili, na mimi nilikuwa naipakia vidonge kumi na viwili kwa mpigo.

Majaribio mawili yalinipa nafuu kuliko kidonge chochote cha usingizi. La kwanza ni la Zürich, mwaka 2000. Watu wazima wenye afya walijifunza orodha ya maneno, kesho yake wakaulizwa. Waliopewa miligramu 25 za kotisoni, ambayo mwili huigeuza kuwa kortisoli, saa moja kabla ya kuulizwa walikumbuka maneno machache kuliko wenzao. Waliopewa kidonge hichohicho wakati wa kujifunza hawakupungukiwa. Maneno hayakufutika, yalikataa kutoka tu. Amoksilini yangu ilikuwepo, mlango ndio uliokuwa umefungwa. La pili ni la St. Louis, Marekani, mwaka 1999: watu wazima wenye afya wakapewa kortisoli miligramu 160 kwa siku, siku 4 mfululizo, kiasi cha mtu aliye kwenye dhiki kubwa. Uwezo wao wa kusimulia tena habari waliyosomewa ulishuka, na baada ya dawa kusimamishwa ukarudi. Hawa hawakufiwa, hawakudaiwa, wala hawakuwa na neno na mtu. Walimeza kidonge tu.

Sasa kuhusu wifi.

Wifi yangu, dada wa mume, anaishi nasi, chumba cha uani. Ni mama lishe, banda lake liko karibu na stendi, na kabla ya mwaka ule sifa yake ilikuwa moja: wateja kumi wakaagiza kwa pamoja, huyu wali nazi na samaki, yule ugali bila mboga ya majani, mwingine maharage tu lakini pilipili pembeni, yeye haandiki kitu na hakosei sahani. Usiku mmoja nipo jikoni na makopo yangu, nikasikia mlango wa uani. Akaingia, akajimiminia maji, akakaa kwenye kibao.

"Wifi, hivyo vidonge vyako ndivyo vinavyokukalisha macho hivi?"

"Ndivyo. Na wewe umemeza nini?"

"Sijameza kitu. Kesho Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa siku ya marejesho. Alikuwa amekopa kwenye ile mikopo ya wiki ambayo mtaani tunaiita kausha damu, na niseme wazi kwamba jina hilo limewastahili. Afisa mikopo anakuja na pikipiki, anaiegesha mbele ya benchi ambalo wateja wanakula, hashuki, anaita jina kwa sauti. Pesa isipotimia anakaa. Wateja wanaangalia sahani zao. Wenzake wa kikundi nao wanaitwa, maana mmoja akikwama wote hawaondoki. Siku moja alibeba jiko la gesi, siku nyingine akabeba sufuria kubwa ikiwa bado na moto.

Nilianza kumtazama kwa jicho la kazi. Anaamka saa nane usiku halali tena. Anakula maandazi bila njaa. Ametia chumvi mara mbili kwenye maharage, kesho yake hakutia kabisa. Wateja watatu tu wakiagiza anawauliza upya, na chenji anahesabu mara nne. Mtoto akigonga mlango anaruka. Nikashika kidole changu na kidole chake: njaa ileile, usingizi uleule, machozi yaleyale, maneno yaleyale yanayokataa kutoka. Tofauti yetu ni kwamba yangu niliipata kwenye kopo lenye lebo, nikajua na kipimo chake.

Yake aliipataje? Kinachoanza ni haipothalamasi, chini kabisa ya ubongo, inayotuma ujumbe kwa tezi ya pituitari, pituitari nayo ikaziamuru adrenali, na ndani ya dakika chache damu imepanda kortisoli. Hofu ya mara moja haina shida, hiyo imewekwa itusaidie tukimbie. Shida ni Alhamisi inayorudi. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya tafiti 208 za maabara wakauliza ni dhiki gani hasa inayopandisha kortisoli. Kelele peke yake, au hesabu ngumu peke yake, haikufanya mengi. Iliyopandisha zaidi, na kuchelewa zaidi kushuka, ni ile yenye mambo mawili pamoja: unatazamwa na watu kwa namna ya kukushusha hadhi, na huna la kufanya kubadili matokeo. Soma tena habari ya pikipiki mbele ya benchi. Kama ningepewa kazi ya kubuni mashine ya kuzalisha kortisoli kwa mama lishe, nisingeipita ile.

Jirani zetu wa Kenya wanao ushahidi wake porini. Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kufuatilia nyani wa Maasai Mara, akiwapima damu, na aligundua kwamba pale ambapo vyeo vimetulia, nyani wa chini, anayesukumwa na kunyang'anywa bila pa kukwepea, ndiye mwenye kortisoli ya juu hata akiwa amekaa. Yakaja na mabaya zaidi. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa taarifa ya tumbili waliokufa wakiwa wamefungiwa kwenye kituo cha utafiti hukohuko Kenya, wengi wao wakiwa wanyonge wa makundi yao. Walikuwa na vidonda vya tumbo na adrenali zilizokua kupita kawaida, na seli za hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika.

Halafu kuna lile la mkopo wa pili. Wifi alikopa kwingine ili alipe kwanza, na nyumbani hilo ndilo lililowakera watu kuliko yote. Mama mkwe alisema mtoto wake hakuwa mjinga, kapumbazwa. Sikubaliani na kupumbazwa, lakini nilielewa anachokiona. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoshika mambo mawili matatu kwa wakati mmoja na kuyapima: nikichukua hii leo, mwezi ujao nitasimama wapi. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameonyesha kwamba noradrenalini, kemikali nyingine ya dhiki, ikiwa ya kiasi huimarisha mawasiliano ya seli za huko, lakini ya dhiki, ikiwa nyingi, hufungua vijia vya potasiamu pembeni ya sinapsi na ishara inapotelea njiani kabla ya kufika. Mawasiliano hayo yanapozimika, usukani wanashika wengine: amigdala inayosoma hatari, na sehemu za mazoea. Ndiyo maana mkono wangu uliijua rafu. Ndiyo maana wifi alifanya kile alichozoea kufanya akibanwa, akakopa.

Nyumbani wote walikuwa na ushauri mmoja kwake: punguza mawazo. Shangazi, imamu, rafiki zake wa sokoni. Ni watu wema na wanampenda. Lakini nilikuwa na kipimo mwilini mwangu. Hakuna aliyeweza kuniambia mimi "punguza kukesha" nikiwa kwenye miligramu 60, na ningejitahidi vipi? Daktari hakunipa nasaha. Figo zilipotulia akaanza kupunguza dozi.

Na hapo nikaona kwa macho yangu. Kutoka 60 kwenda 50 hakuna kilichobadilika. Kwenye 40 furaha ya usiku ikaisha, nikabaki mchovu. Kwenye 20 nililala usiku hadi adhana ya alfajiri ikaniamsha, jambo nililokuwa nimelisahau ladha yake. Majina ya dawa yakaanza kurudi, siyo yote kwa pamoja, jingine linaibuka nikiwa naoga. Na muda wote huo wasiwasi wangu wa ugonjwa ulikuwa unapanda, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi dozi inaposhuka, na kila asubuhi nilikuwa nachovya kijiti nikiwa nimeshika pumzi. Wasiwasi unapanda, dalili zinashuka. Kama kisa kingekuwa imani haba au moyo mwembamba, ingekuwa kinyume.

Niwaambie jambo la dawa hapa kabla sijaendelea, maana wapo watakaosoma haya na vidonge viko kabatini. Usiache ghafla. Haipothalamasi na pituitari zikiona kortisoli imejaa hunyamaza, adrenali nazo zinalala, na zikishalala kwa wiki kadhaa hazitaamka kwa siku moja. Mtu anayekatisha mwenyewe anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikaporomoka, hata kufa. Inapunguzwa hatua kwa hatua, kwa ratiba ya daktari. Na inanywewa asubuhi, baada ya kula, kwa sababu kortisoli ya asili nayo hufika kilele dakika 30 hadi 45 hivi baada ya kuamka na huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Ukiinywa jioni, umeuongopea ubongo kwamba kumekucha. Na mwambie anayelala nyumba moja nawe. Mume wangu angejua, asingefikiria kunitafutia mganga wa Korogwe, palepale nilipotaka kufungua tawi.

Kuhusu wifi, nilimwambia mume wangu vilevile nilivyoambiwa mimi: tushushe dozi. Kikao cha ukoo kilikuwa kirefu na sehemu kubwa yake haina maana kusimulia. Kila mtu alikuwa na kisa cha mkopo wa mtu mwingine. Mwishowe zamu yangu ya upatu na pesa iliyokuwa imetengwa ya mabati zikaunganishwa, deni lote likalipwa siku moja, karatasi ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wifi sasa anatulipa sisi, kwa mwezi, na mwezi wa mvua ukiwa mbaya anasema na tunasogeza. Hakusamehewa hata shilingi, yeye mwenyewe alikataa kusamehewa. Kilichoondolewa ni pikipiki, benchi na Alhamisi.

Wiki mbili tatu alikuwa bado anaamka. Kisha akaanza kulala. Mwaka 2009 Conor Liston, McEwen na mwenzao walichapisha habari za wanafunzi wa udaktari wa New York waliokuwa wamesoma mwezi mzima kwa ajili ya mtihani mkubwa: uwezo wao wa kuhamisha fikra kutoka jambo moja kwenda jingine ulikuwa umeshuka, na kwenye picha za ubongo mawasiliano ya sehemu ya mbele yalikuwa yamelegea. Mwezi mmoja baada ya mtihani walikuwa sawa na wenzao. Kwa wifi nilipima kwa maagizo ya wateja. Watatu, halafu watano, na siku moja ya gulio nikamkuta anagawa sahani saba, hakuna aliyelalamika zaidi ya mmoja, na huyo hulalamika kila siku.

Kuna lisilorudi upesi, hata hivyo. Sumantra Chattarji na wenzake wa Bengaluru, India, waliwabana panya kwa siku 10, na wakaona matawi ya seli za hipokampasi yamesinyaa huku ya seli za amigdala yamekua, yameongezeka mapya. Wakawapumzisha siku 21. Hipokampasi ikapona. Amigdala ikabaki vilevile, na matawi yake yote. Sikushangaa niliposoma. Deni limekwisha, karatasi iko kwenye fremu ukutani kwake, lakini pikipiki ikipunguza mwendo karibu na banda, mwiko unasimama ndani ya sufuria. Hata ya muuza maziwa. Anacheka mwenyewe, anaendelea kukoroga, ila huwa umesimama.

Aliponiomba nimwingize kwenye upatu wetu alikuwa na sharti moja. "Wifi, mtunza hazina wenu anakujaje?"

"Kwa boda, kama kila mtu."

"Basi mwambie anitumie meseji, pesa nitampelekea mwenyewe."

Nilimwambia. Yule mama aliona ni maringo, akasema mbona wengine wanafuatwa hadi majumbani. Nikamjibu kwamba huyu atakuwa wa kwanza kulipa, na kila mwezi ndiye anayetangulia.